Ferritini ilistahili kuelezwa zaidi
Makala haya ninayoyatolea maoni yanaeleza vizuri jinsi chembe ndogo mno za protini zinavyoweza kupeleka kemikali za kung'arisha picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku) hadi kwenye uvimbe wa saratani, lakini yameipita haraka ferritini, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yenyewe. Protini hii, ambayo mwili huitumia kuhifadhi madini ya chuma, huundwa na vipande 24 vinavyoshikana kuwa tufe lenye upana wa nanomita 12 hivi, na ndani yake mna uwazi wa nanomita 8 unaoweza kujazwa kemikali hizo za kung'arisha picha, yaani metali ya gadolini au oksidi ya chuma. Gadolini ikifungamanishwa na protini hujizungusha polepole zaidi, hivyo kipimo kidogo huweza kutoa mng'ao mkubwa. Si jambo dogo hilo kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu, kwani tangu 2006 baadhi ya dawa za gadolini zimehusishwa na maradhi ya kukakamaa kwa ngozi. Hata hivyo, namsihi mwandishi asiyachukulie matokeo ya panya aliyoyataja kuwa ndiyo ya binadamu, maana kwa binadamu uvujaji wa mishipa ya damu, ambao ndio huziruhusu chembe hizi kuingia kwenye uvimbe, hutofautiana sana kati ya uvimbe mmoja na mwingine.