Nyie Huko Afrika Mna Nini?

Huu mwaka wa sita nanyolewa na kinyozi mmoja hapa Hay al-Ashir, Nasr City. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Wiki ya kwanza ya Novemba 2025 nilimkuta kabadilisha picha yake ya WhatsApp. Amevaa taji la Firauni, kifua wazi, fimbo mkononi, piramidi nyuma yake. Akili mnemba ilimchonga vizuri, hata kitambi kikaondoka. Nusu ya Cairo walikuwa na picha za namna hiyo siku zile, kwa sababu Makumbusho Makuu ya Misri pale Giza yalifunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba, na serikali ikatangaza siku hiyo ni mapumziko. Akanifunga shuka shingoni, akanitazama kwenye kioo, akauliza: "Na nyie huko Afrika mna nini?"

Hiyo "huko Afrika" naiacha. Sote tuliokaa hapa tumeshaizoea. Timu yao imebeba Kombe la Mataifa ya Afrika mara 7, lakini Afrika ni huko.

Kilichoniuma ni jibu langu mwenyewe. Nilimjibu mbio, kama mtoto wa darasa la nne aliyekariri: "Tuna Kilimanjaro. Tuna Serengeti. Simba, tembo, twiga." Akaitikia kwa adabu kabisa. "Mashallah. Hayo kaumba Mungu. Nyie mmefanya nini?"

Wembe ulikuwa shingoni. Nikanyamaza.

Nimekaa na swali hilo miezi sasa, na ndilo linalonifanya niandike. Najua watakaosema: huyo naye, mtoto wa juzi wa Lindi, kafika Misri kusoma Azhar, leo anatusemesha kama Firauni. Semeni. Lakini kwanza jaribuni zoezi dogo: mwambieni mgeni mambo matatu ya kujivunia nchini kwetu, na mlima usiwemo, mbuga isiwemo, ziwa lisiwemo, wala fukwe. Mtaona kimya kinavyoingia.

Makumbusho nilikwenda wiki chache baadaye. Tiketi ya Mmisri ni paundi 200, ya mgeni inapita elfu moja. Zamani bei mbili zilinikera, nikiwaona wachoyo. Safari hii sikukereka, maana hata kwetu mgeni halipi Serengeti sawa na mwenyeji. Ukiingia tu unakutana na sanamu ya Firauni Ramses wa Pili, kasimama, mita 11 na ushei, tani 83. Mzee huyu alikaa uwanjani mbele ya stesheni kuu ya reli ya Cairo tangu 1955 hadi 2006, akivuta moshi wa magari sawa na makondakta. Usiku walipomhamishia Giza, watu walitoka majumbani wakamsindikiza barabarani kama bwana harusi. Jiwe! Watu wazima wanalisindikiza jiwe usiku wa manane, na hakuna aliyewaita wehu.

Vitu vya Tutankhamun, zaidi ya 5,000, vilivyokusanywa pamoja kwa mara ya kwanza tangu kaburi lake ligunduliwe 1922, mmeviona kwenye simu zenu, sirudii. Nitawaambia nilichokiona mimi. Mama mmoja wa kule Saidi, kusini mwa Misri, baibui jeusi, mkononi mfuko wa plastiki wenye mikate, alimsogeza mtoto wake mbele ya Ramses akamwambia: "Msalimie babu yako." Mtoto akapunga mkono.

Sasa mimi nimelelewa na bibi ambaye neno baya kuliko yote kinywani mwake lilikuwa firauni. Ukiiba nazi, firauni wewe. Ukimjibu mkubwa, firauni mkubwa. Na hapa kuna mama anayeswali swala tano kama bibi yangu, anamwita Firauni babu, na timu yao ya taifa wanaiita Mafarao, na haoni taabu. Masheikh wenzangu mtaniandikia, nawajua: "Aliyezamishwa baharini unamsifu?" Simsifu. Hata hapa wapo masheikh wanaolisema hilo, na waumini wao wanatoka msikitini wanakwenda kupiga picha na piramidi. Mama yule hakumsifu dhalimu. Alikuwa anamwonyesha mtoto kwamba watu wake waliwahi kuchonga jiwe la tani 83 wakalisimamisha.

Sisi tuliwahi kusimamisha nini? Kilwa, ndugu zangu. Msafiri Ibn Battuta aliiona Cairo mwaka 1326, Cairo ya Wamamluki, mji uliokuwa hauna mwenzake. Miaka mitano baadaye akashuka Kilwa, na alipokuja kusimulia safari zake akaihesabu miongoni mwa miji mizuri. Huyo hakuwa mshamba wa kushangaa ghorofa. Kule juu ya jabali kulikuwa na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia, na birika lenye pembe nane linalotazama bahari. Msikiti Mkuu kuba zake ziko hadi leo. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita hapo. Sarafu walifua wenyewe, kwa majina ya masultani wao, na baadhi ya hizo zimeokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia. Wareno walipofika 1505 hawakupora kichaka.

Haya, ni nani kati yenu ana picha ya WhatsApp amevaa kilemba cha Sultani wa Kilwa?

Ni kilomita 300 tu kutoka Dar. UNESCO waliiandika urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, 2014 wakaitoa baada ya kazi kubwa ya kuikarabati, na sikumbuki kama kuna aliyepiga vigelegele. Mimi mwenyewe nimepita njia ya Nangurukuru mara ngapi? Tangu sekondari. Naiona njia panda ya Kilwa, nanunua korosho dirishani mwa basi, naendelea na usingizi.

Kuna jingine linalonihusu zaidi, maana ni la nyumbani kabisa. Mjusi. Mjusi wa Tendaguru, dinosaria wa kwetu Lindi, yuko Berlin, kasimama, urefu wake unapita mita 13, yaani ukimweka na Ramses pale Giza, Ramses anamfika shingoni. Wajerumani walichimba kule kwetu kuanzia 1909 hadi 1913, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Katikati ya miaka hiyohiyo, Desemba 1912, Wajerumani wengine walikuwa Amarna hapa Misri wakafukua sanamu ya malkia Nefertiti. Naye yuko Berlin. Ukitoka kwa mjusi kwenda kwa Nefertiti ni mwendo wa mguu.

Tofauti iliyopo ni moja. Wamisri hawajanyamaza kuhusu Nefertiti kwa miaka mia. Waziri akibadilika, anayefuata naye anamdai. Madereva wa teksi wanamdai. Kinyozi wangu anamdai, na hajui Berlin iko upande gani. Wanadai na jiwe la Rashid, lile la maandishi ya kale Wazungu wanaloliita Rosetta, lililoko London tangu 1802. Hawajapewa, lakini yeyote anayesimama mbele ya Nefertiti anajua kuna mtu kwao anamlilia. Sisi mjusi anaulizwa bungeni kila baada ya miaka kadhaa, watu wanacheka, mwingine anauliza tutamlisha nini, basi.

Mtaniambia: "Hata mjusi kaumba Mungu, kwa hiyo umejifunga mwenyewe." Ngojeni. Mifupa kaumba Mungu, lakini haikutembea hadi bandari ya Lindi. Ilichimbuliwa na mamia ya watu wetu, ikabebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za njia, miaka michache tu baada ya Maji Maji, wakati njaa ilikuwa bado haijawatoka mwilini. Mjomba wangu anasema babu yake alikuwemo, na kwamba mpaka anakufa aliiita ile kazi "mizigo ya mifupa". Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuusafisha mfupa bila kuuvunja. Wazungu wenyewe mwaka 2007 walimpa mmoja wa wanyama wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Nimesoma Lindi mpaka kidato cha nne. Jina la Boheti nimelijulia Cairo.

Usiku ule wa tarehe 1 Novemba nilipanda juu ya paa la jengo letu na jirani yangu Msudani. Televisheni za mtaa mzima zilikuwa zinaonyesha sherehe, fataki, droni, waimbaji wenye mavazi ya dhahabu. Nilikuwa nimempigia mjomba Lindi, nimempigia dada Dar, hapatikani. Ujumbe, tiki moja. Tangu Jumatano ya uchaguzi, mtandao ulipozimwa, tiki moja. Mnajua siku zile zilikuwaje, sina la kuwaeleza nyie. Nilikuwa natazama watu wanavyoshangilia nchi yao huku mimi nahesabu tiki. Nikakumbuka kwamba tarehe hiyohiyo, 2023, Rais wa Ujerumani alisimama Songea kuomba radhi kwa mauaji ya Maji Maji, na fuvu la Nduna Songea Mbano, waliyemnyonga wao, likawa la kutafutwa. Msudani akasema, bila hata kugeuka: "Sisi tuna piramidi nyingi kuliko hawa, na makumbusho yetu Khartoum yameporwa yote." Tukanywa chai. Tiki ya pili ilikuja siku mbili baadaye.

Sasa msidhani nimelewa Misri. Wananichosha. Dereva akijua natoka Tanzania, dakika mbili haziishi: "Sisi ndio tuliowajengea bwawa!" Bwawa la Nyerere, Rufiji, megawati 2,115, kampuni zao mbili ndizo zilizojenga, kweli. Nawaambia mlilipwa, trilioni 6.5, si sadaka. Hapo anahamia kwenye Naili, kwamba tumejiunga na Ethiopia kuwakausha. Namwambia Nyerere alishakataa mkataba wa Mwingereza wa maji ya Naili tangu 1962, wakati baba yako hajaoa. Tunafika huku tumenuniana, ananirudishia chenji pungufu, ananiita habibi.

Na hao mabingwa wa urithi, Septemba 2025 bangili ya dhahabu ya mfalme Amenemope, umri wake miaka 3,000, ilitoka kwenye chumba cha matengenezo cha makumbusho ya Tahrir, ikauzwa kwa sonara, ikayeyushwa. Miaka elfu tatu imepona Waajemi, Warumi na Waingereza, ikaja kufia kwenye tanuri. Makaburi ya kale ya Qarafa nayo yamebomolewa kupisha barabara. Kinyozi alipoisikia ile ya bangili alikaa chini, kiti cha wateja, akafuta macho kwa taulo langu. Halafu akaanza kuwatukana viongozi wake kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa.

Hilo la kulia ndilo ninalolionea wivu. Paundi yao ilianguka Machi 2024 vibaya sana, mkate wa ruzuku ukapanda kutoka piastra 5 hadi 20 mwaka huohuo, kinyozi ana watoto wanne na bei ya nyama anaitaja kama jina la ugonjwa. Kwa hiyo anayeniambia "watu hawana maji wewe unaleta magofu", namwelewa, kwetu pia bomba linatoa upepo. Lakini huyu naye hana, na analia kwa bangili. Yetu ikiyeyushwa leo nani atakaa chini? Niambieni nani, nimpigie.

Mwezi uliopita niliamua kinyozi nimjibu. Nikamwandikia binamu yangu anayekaa Kilwa Masoko, amezaliwa pale, ana duka la vifaa vya simu hatua chache kutoka gatini. Nikamwomba avuke Kisiwani anipigie video ya Husuni Kubwa, ile birika ya pembe nane, nije nimwonyeshe mtu.

Akajibu kwa sauti, anacheka: "Kaka, ujue mimi huko sijawahi kufika hata siku moja. Kuna nini?" Kimya kidogo, nasikia bodaboda zinapita. "Lakini kama una shida nayo, nauli ya boti utatuma?"

Nimemwambia dada wa Dar amrushie. Na ya kutolea.