Asilimia 5 ya nini?

Kaka kanitumia wasapu: viwanda vya Tanzania vinakua kwa asilimia kati ya 4 na 5 kwa mwaka. Akamalizia, "Nyie huko mnafunga, sisi tunafungua. Rudi nyumbani bwana." Nilikuwa ndiyo kwanza natoka shifti ya usiku hapa Stuttgart, nikacheka peke yangu kwenye treni.

Hajakosea sana. Uzalishaji wa viwanda vya Ujerumani umekuwa ukiteremka tangu 2018. Gesi ya Urusi ilipokatika 2022 umeme ukapaa, na magari ya China yamewabana kwelikweli. Desemba 2024 Volkswagen walikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 ifikapo 2030. Kantini kwetu hakuna stori nyingine.

Ila tupige hesabu. Viwanda vya hapa vinaingiza thamani ya zaidi ya dola bilioni 700 kwa mwaka. Vya kwetu ni bilioni 6 hivi, asilimia 8 ya pato la taifa, tena ikifika. Yaani Mjerumani akishuka asilimia 1 tu, kilichomponyoka kinazidi viwanda vyetu vyote, kuanzia saruji na bia mpaka vitenge, na kesho yake alfajiri yuko kazini kama kawaida. Sisi asilimia 5 yetu ni dola milioni 300.

Lakini si udogo unaoniuma.

Mwaka jana oda zilipungua, tukaingizwa kwenye kile wanachokiita Kurzarbeit: saa za kazi zinakatwa, na mfuko wa serikali unakufidia asilimia 60 ya mshahara uliopotea, 67 ukiwa na mtoto. Fundi mzee wa mashine yetu hakwenda popote. Siku za kazi chache alimfundisha kijana wa miaka 17 kusikiliza beringi kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Oda zikirudi, watu wanaoijua mashine ile wapo.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo Dar. Alikuwa akirudi jioni nywele nyeupe kwa vumbi la pamba, mama anamfuta kwa khanga mlangoni kabla hajaingia. Naye alikuwa na sikio hilohilo. Mtambo ukikohoa alijua ni wapi. Kiwanda kilipoyumba miaka ya tisini, majina yalibandikwa getini, basi. Kiinua mgongo alikifuatilia mpaka tukaacha kumuuliza. Akaishia kuuza mitumba Manzese, mashati ya hawahawa Wazungu, na hakuna kijana hata mmoja aliyerithi lile sikio.

Sidharau yanayofanyika. Vigae na vioo vinatoka Mkuranga, Kwala panajengwa eneo la viwanda, na Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Zama za baba umeme ulikatika uzi nao ukakatika. Ningependa sana kaka awe sahihi.

Nikamjibu: hicho kiwanda kipya jirani yako, mafundi wa mashine ni kina nani, na wana mkataba?

Akakaa kimya kama dakika kumi. Kisha: "Mafundi wamekuja nao. Sisi ni vibarua, unawahi getini saa kumi na moja, wanachagua."