Mkataba wa 1919: Vosuq aliuza nini hasa?

Tarehe 9 Agosti 1919, mjini Tehran, Waziri Mkuu wa Uajemi (Iran ya leo), Vosuq od-Dowleh, na mjumbe wa Uingereza, Sir Percy Cox, walitia saini mkataba wa ibara sita kati ya nchi zao. Tangu siku hiyo Vosuq anatajwa Uajemi kama msaliti. Mashtaka mengi dhidi yake hayana uzito yanaopewa.

Chukua suala la jeshi. Ibara ya tatu iliahidi maofisa na silaha kutoka Uingereza ili nchi ipate jeshi moja. Wanaodai kuwa hapo ndipo uhuru ulipopotea wanasahau hali ilivyokuwa: Wakozaki, kikosi cha wapanda farasi cha Uajemi, walikuwa chini ya maofisa wa Kirusi, jandarma (polisi wa kijeshi) walikuwa wamefunzwa na Waswidi, na kusini kulikuwa na kikosi cha South Persia Rifles chini ya Waingereza. Forodha nayo ilikuwa imekabidhiwa Wabelgiji miaka mingi nyuma. Vosuq hakuwa wa kwanza kuwaingiza wageni. Aliikuta hazina tupu, serikali ikiishi kwa ruzuku ya Uingereza ya tomani 350,000 kwa mwezi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, uasi wa Jangali, wapiganaji wa msituni, huko Gilan kaskazini haujazimika, na ujumbe wa Uajemi umenyimwa nafasi ya kusikilizwa kwenye mkutano wa amani Paris. Urusi, iliyozoea kuizuia Uingereza kaskazini, ilikuwa vitani na nafsi yake. Nani mwingine angemkopesha?

Utetezi huu unakwama kwenye fedha. Vosuq na mawaziri wawili, Nosrat od-Dowleh na Sarem od-Dowleh, walipewa kwa siri tomani 400,000, takriban pauni 131,000. Sasa piga hesabu. Mkopo wa mkataba ulikuwa pauni milioni 2 kwa riba ya asilimia 7, ulipwe kwa miaka 20, dhamana yake mapato ya forodha. Zile pauni 131,000 ziliingizwa kama malipo ya mwanzo ya mkopo huohuo. Hongo ya mawaziri, basi, iliandikwa kwenye deni la Uajemi, na riba yake peke yake ingekuwa pauni 9,170 kwa mwaka, zitozwe kwenye sukari na chai inayopita forodhani, kabla reli iliyoahidiwa haijawekewa taruma hata moja. Waziri aliyeamini kwamba mkataba unaiokoa nchi hakupaswa kuidai nchi hiyo malipo ya saini yake.

Kisha utaratibu. Ibara ya 24 ya Sheria ya Msingi ya 1906 ilitaka mikataba iidhinishwe na Bunge. Bunge la tatu lilivunjika Novemba 1915, na la nne halikukutana hadi Juni 1921. Lord Curzon, aliyesimamia mambo ya nje ya Uingereza na mwenye mkataba huo kule London, hakusubiri: Armitage-Smith alikwenda kusimamia fedha na Jenerali Dickson jeshi, kura haijapigwa. Wapinzani, mwanazuoni wa dini na mwanasiasa Modarres akiwa mstari wa mbele, hawakuhitaji hoja nyingine.

Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, waliposhuka Anzali, bandari ya Uajemi kwenye Bahari ya Kaspi, tarehe 18 Mei 1920, kikosi cha Waingereza kilirudi nyuma, na thamani ya ulinzi ulioahidiwa ikaonekana. Vosuq alijiuzulu mwezi uliofuata. Mrithi wake, Moshir od-Dowleh, aliusimamisha mkataba mpaka Bunge liamue, na baada ya mapinduzi ya Februari 1921 waziri mkuu mpya, Seyyed Zia, akaufuta.

Hata hivyo mahitaji aliyoyaona Vosuq yalibaki palepale. Kufikia 1922 Reza Khan, Waziri wa Vita, alikuwa amewaunganisha Wakozaki na jandarma kuwa jeshi moja, na mwaka huohuo Bunge lilimwidhinisha mgeni, Mmarekani Arthur Millspaugh, asimamie fedha za nchi kwa mamlaka makubwa.