Hija ya Kukimbizana na Boti

Jumamosi niliamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya watu sitini. Wageni wetu wa parokia moja ya Dar walikuwa wanakuja hija ya siku moja, na sie Waunguja mgeni hatumpokei na maji matupu.

Saa tatu wakashuka bandarini, kinamama wamependeza kwa vitenge vya sare, mwenyekiti wa safari kavaa filimbi shingoni kama refa. Akanikabidhi ratiba. Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana: dakika arobaini. Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki: dakika kumi na tano. Forodhani: picha. Darajani, manunuzi: saa mbili na nusu. Niliisoma mara mbili nikidhani miwani imeniponza. Kanisa dakika arobaini, karafuu na madera saa mbili na nusu! Eti hija.

Tukaingia. Mtembezaji, kijana mzuri na sina ugomvi naye, akaanza kaseti yake. Hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873. Pale madhabahuni, penye duara la marumaru, ulisimama mti wa kuchapia. Nguzo zile mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere, aliyelijenga kanisa, akiwa hayupo (watu wakacheka, nguzo hazijawahi kukosa wa kuzicheka). Msalaba ule umechongwa kwa mti wa Chitambo, kule Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari msafiri. Steere mwenyewe kalala nyuma ya madhabahu. Filimbi ikalia. Nje!

Vile vyumba vya chini, wanavyosema walifungiwa watumwa, vilipitwa mbiombio. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la wamisheni, lilijengwa soko limeshafungwa, na vyumba vile vilikuwa stoo tu. Tuyaache hayo. Ila sijaona mtu aliyeinama mle akatoka anapiga soga.

Kwenye sanamu za shimoni, zile alizochonga Clara Sörnäs, kijana mmoja wa miaka kama tisa, kashika andazi langu, akauliza: "Hawa wanaitwa nani?"

"Watumwa," mtembezaji akajibu.

"Najua. Majina yao."

Watu wazima wakacheka. Mwenyekiti akasema hawajulikani, twendeni picha ya pamoja. Mie nikabaki nimesimama, aibu imenishika, maana miaka yote hii napokea wageni pale na sijawahi kumfungulia mtu mdomo kuhusu hilo.

Sanamu ni sanamu, sawa, hazina majina. Lakini watu waliopita kwenye minyororo ile wanayo, na baadhi yanajulikana vizuri tu! Mwaka 1864 Sultan Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana watoto watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja ni John Swedi, aliyekuja kuwa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, Myao, alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma, na 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Padre! Aliyekuwa bidhaa akawa anapandisha kikombe madhabahuni. Kama hiyo si habari ya kumpandisha mtu boti kutoka Dar, basi sijui hija ni nini.

Na ule msalaba. Kila siku Livingstone, Livingstone. Aliyeubeba mwili wake kwa miezi kama tisa kutoka Chitambo hadi Bagamoyo ni nani? Ni watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao. Chuma naye alikombolewa kwenye utumwa akiwa kijana, na alifia hapa hapa Unguja 1882, mwaka ule ule aliokufa Steere. Steere kila mgeni anaonyeshwa alipolala. Chuma hatajwi hata kwa bahati mbaya.

Hapo bado Mbweni. Daladala tu, si safari. Misheni ilinunua shamba kule 1871, waliokombolewa wakapewa pa kujenga na kulima, wakaoana, wakazaa. Kanisa lao la Mtakatifu Yohana limesimama, makaburi yapo, magofu ya shule ya wasichana yapo. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko. Babu yake alikuwa na jina la ubatizo na jingine la kwao bara, na hilo la pili alilitaja akiumwa homa tu. Bibi alilisikia mara moja. Halikuwemo katika jina la mwanawe hata mmoja.

Haya, najua mtanijibu nini. Watu wana kazi, nauli ya boti si mchezo, wamechangishana mwaka mzima, na anayerudi kutoka Unguja bila karafuu atawaambia nini majirani. Nakubali, kwa shingo upande. Na mie niliwahi kwenda Bagamoyo nikarudi siku hiyo hiyo, mwili mzima unanuka pweza.

Yule kijana nilimkuta Forodhani kakaa juu ya mzinga, mama yake yuko kwenye foleni ya juisi ya miwa. Nikaigeuza ratiba, nikamwandikia nyuma: Swedi, Majaliwa, Chuma, Susi. Akasoma kwa sauti, akaniuliza Susi ni mwanamke? Nikamwambia hapana, Susi ni mwanamume, Abdullah Susi. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye soksi.

Juzi padre wao kanipigia, wanataka kuja tena mwakani. Nimemwambia karibuni sana, maandazi yapo, ila hiyo boti ya jioni msiikatie tiketi. Tutalala Mbweni.