Siku 84 za likizo ya uzazi, alafu mtoto umpeleke wapi?

Juzi usiku umeme umekatika, mi na mume wangu tumekaa tunapiga hesabu kwa tochi ya simu nyuma ya kalenda ya mwaka jana, maana daftari la matumizi mtoto kashalichorachora lote halifai. Na hesabu yenyewe ilikua ya huyohuyo mtoto. Ana mwaka na miezi nane, shule bado, ada hatudaiwi, ila kila mwezi kuna hela inatoka ya kumlipa mtu amshike wakati sisi tuko barabarani tunatafuta hela ya kumlipa huyo mtu. Ukiiangalia kwa makini unaweza ukacheka.

Mi nauza kwenye duka la vipodozi Kariakoo, napokea 350,000 kwa mwezi. Baba watoto anaendesha bajaji ya mtu, hesabu ya bosi 20,000 kila siku iwe mvua iwe jua, kinachobaki ndo chake, kuna siku anabaki na 15,000 kuna siku anarudi na harufu ya mafuta tu. Tunakaa Gongo la Mboto, chumba na sebule 80,000 na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa kwenye hiyo picha mchomeke mtoto.

Tulianza na dada wa kazi kama watu wote. Nikampata kwa dalali, dalali kala 30,000 yake, nikatuma nauli binti aje kutoka Singida, tukakubaliana mshahara 70,000. Nikajua basi, malezi yananigharimu 70,000. Uongo mtupu! Huyo ni mtu, anakula, anaoga, anajipaka mafuta, anaumwa meno, kila mwezi ana mahitaji yake ya kike, anataka vocha ampigie mama yake. Nilipokuja kuandika vyote nikakuta nipo kwenye 130,000 na kitu na hapo chakula nimekadiria tu. Mwezi wa tatu akaniambia anaenda kumsalimia bibi yake anaumwa atarudi Jumapili. Wenzangu mnaijua hiyo Jumapili. Nikaanza upya, dalali mwingine, nauli nyingine, wa pili akakaa miezi minne, wa tatu wiki tano.

Ila nisiwaseme tu. Kuna siku nilikaa nikajiuliza ivi huyu binti namlipa shilingi ngapi kwa saa, sijui kwanini nilijiuliza maana nilijiharibia usiku. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuniwekea maji, analala saa nne usiku vyombo vikishaisha. Hayo ni masaa kumi na saba. 70,000 gawa kwa siku thelathini, gawa kwa kumi na saba, unapata kama shilingi 137. Choo cha stendi unalipa 200 na unakaa dakika tatu! Na mi sio kwamba nilikua mbaya kuliko wengine, amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka dada anayelala kwa mwajiri 60,000 na anayekuja asubuhi na kurudi kwake 120,000, kwaiyo nilikua nimepita kiwango na bado nilikua namnyonya. Ndo maana nikisikia mama mwenzangu analalamika "mabinti wa siku hizi hawakai" nanyamaza tu. Wakae wapi, wakae kwenye 137?

Basi tukahamia deikea. Hapa mtaani zipo nyingi, nyingine zina bango lenye katuni na uzio wa rangirangi, hizo usiulize bei. Ya kwetu ilikua sebule ya mtu, 80,000 kwa mwezi chakula unabeba mwenyewe, mama mmoja na binti yake mmoja, watoto niliowahesabu siku moja walikua kumi na nne. Mkeka umetandikwa, TV inaonyesha katuni kutwa nzima, vikombe vimepangwa dirishani kila kimoja kimebandikwa plasta yenye jina, cha mwanangu plasta ilikua imefutika kwaiyo hata sijui alikua anakunywea cha nani. Mwisho wa kuchukua mtoto saa kumi na mbili jioni, ukichelewa faini 1,000 kila nusu saa, na kuna daftari kabisa la faini limening'inia nyuma ya mlango na kalamu yake. Mtu anayetoka Kariakoo saa kumi na moja kwa daladala ile foleni ya Buguruni na Tazara anaijua. Mwezi wa kwanza nililipa faini 13,000.

Kilichonitoa pale sio faini lakini. Mtoto akawa kila nikimchukua amelala, nikifika nyumbani amelala, uji umerudi umejaa kwenye chupa, usiku wa manane ndo anaamka anataka kucheza. Mwenzangu mmoja mwenye mtoto palepale akaninong'oneza nimnuse mdomo. Nikamnusa. Harufu tamutamu ya ile dawa ya maji ya mafua, na mtoto hakua na mafua. Sikupigana na mtu, nilichukua begi lake na kikombe kisicho na jina nikaondoka, nikalia njia nzima. Siwezi kuapa mbele ya mahakama, ila pua yangu naiamini.

Najua mtu atauliza hicho kituo kilikua kimesajiliwa? Sijui, sikuuliza, na hapo kosa ni langu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe na watu wa ustawi wa jamii ndo wanaovikagua. Sawa. Lakini ukija kufunga kile cha 80,000 bila kuniwekea kingine cha 80,000, wale watoto kumi na nne kesho yake wataachwa na nani? Na dada yao wa darasa la tano, anaacha shule siku hiyo. Nimeona.

Sasa hapa ndo napotaka kufika. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, ukipata mapacha siku 100. Baba siku tatu, na baba wa bajaji hana hata hizo tatu maana ana bosi mwenye hesabu sio mwajiri mwenye mkataba. Shule ya serikali bila ada ipo tangu 2016, na tunashukuru, ila inaanzia darasa la awali, mtoto kama miaka mitano hivi. Toa siku 84 kwenye miaka mitano uone kinachobaki. Zaidi ya miaka minne na nusu hapo katikati mtoto ni wako peke yako, na hiyo ndo miaka asiyojua kusema kwamba leo nimepewa dawa nikalala. Alafu sheria imempa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili ndani ya muda wa kazi akanyonyeshe. Jamani. Mtoto yuko Gongo la Mboto mi niko Kariakoo, masaa mawili yanaishia barabarani kwenda tu, kurudi nani ananilipia? Labda mtoto angekua jirani na ninapofanyia kazi. Kila soko kubwa la mji huu lina mamia ya akina mama, ushuru tunalipa, chumba kimoja chenye mkeka na mtu mzima anayelipwa vizuri kingeshindikana vipi? Kuna ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi ilizinduliwa Desemba 2021, ya miaka mitano mpaka 2025/26, mambo mazuri yameandikwa mle. Ila mi bado namtafutia mtoto mtu wa kumshika.

Alafu kuna ushauri wa bure. "Mpeleke kwa bibi yake." Mama yangu yuko Kilosa, ana miaka 63, ana shamba la mahindi na ana wajukuu wawili tayari wa kaka yangu. Angempokea, angefurahi hata. Ila watu wanafikiri kwa bibi ni bure, utatuma hela ya maziwa kila wiki na makato ya simu juu, na yule bibi mgongo wake unauma, tena hakuna anayemlipa hata hiyo 137. Mwingine atakwambia acha kazi ufanye biashara mtandaoni ukiwa nyumbani. Nilijaribu kwenye likizo yangu, kuuza mafuta ya nazi kwenye status, jaribu kumjibu mteja "bei gani dear" huku mtoto kashika chaja anatafuna.

Kwa sasa tunaishi hivi, na sisemi ni suluhisho. Kwenye hii nyumba ya kupanga tuko wapangaji watatu wenye watoto wadogo. Chumba cha uani anakaa mama mmoja mtu mzima, alfajiri anachoma vitumbua, saa mbili asubuhi kamaliza. Tukakaa naye kikao cha akina mama, tukakubaliana kila mmoja atoe 40,000, chakula kila mtu analeta wa kwake, yeye anawashika watatu kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Kwake inaingia 120,000, nimekuja kugundua baadae ni ileile ya kwenye ile amri ya 2023. Mi natoka saa kumi na mbili kasoro, baba anabaki naye mpaka saa mbili, anaingia barabarani, saa tisa anarudi anamshika mpaka nifike, alafu anatoka tena kuwahi abiria wa usiku. Pampasi nimebakiza moja tu ya kulalia, kwa Mangi moja 500, mchana napi za kitambaa. Zamani nilikua namaliza 2,000 kila siku kwenye pampasi tupu.

Maneno ya jirani yapo, mwanaume anaosha napi uani mchana kweupe, keshawekwa kwenye chupa huyo. Wifi yangu mwenyewe alikuja kuangalia kama kaka yake yuko salama. Akamkuta anamkoroga mtoto uji huku anasikiliza mpira kwenye simu, akaondoka bila kusema kitu.

Ila kamba yetu ni nyembamba. Mwezi uliopita mama wa vitumbua alipata msiba Lushoto, akaenda wiki nzima, na siku hiyohiyo bajaji ikawa gereji. Baba akashika siku mbili, siku ya tatu na ya nne wakagawana wenzangu, siku ya tano ikabidi nimbebe mtoto niende naye dukani. Bosi akasema leo tu. Saa nne asubuhi wateja wamejaa, nageuka kuchukua chenji, narudi nakuta kafungua losheni ya kopo kubwa kajipaka kuanzia nywele mpaka miguu, na sanamu la dirishani nalo kalipaka mpaka alipofikia. Nimekatwa 12,000. Mtoto alinukia mpaka Jumapili.