Kideri, mdondo na zana za bure za Google

Tangu nianze kuandika mtandaoni kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji, nimeambiwa mara nyingi kwamba tovuti changa haiwezi kupata wasomaji kutoka Google bila kulipia programu za kuchunguza maneno ya utafutaji, ambazo nyingi hudai dola kila mwezi. Siukubali ushauri huo, na kwa anayeandika kwa Kiswahili nauona hata una madhara. Programu hizo hukadiria tu ni watu wangapi wanatafuta neno fulani, na kwa lugha yetu nimeziona zikitoa sifuri kwa maswali ambayo kila mfugaji ninayemfahamu amewahi kuyauliza. Mwandishi akiiamini sifuri hiyo, ataacha kuandika kile hasa kinachohitajika.

Zana iliyonifaa kuliko zote ni Google Search Console, nayo haina malipo. Mwenye tovuti huthibitisha kwamba tovuti ni yake, huwasilisha ramani ya kurasa zake, na baada ya muda huanza kuona maneno yenyewe yaliyoandikwa na watu kabla ya kuonyeshwa kurasa hizo, pamoja na idadi ya maonekano, mibofyo na nafasi ya wastani katika matokeo. Kumbukumbu hutunzwa kwa miezi 16, kwa hiyo masika ya mwaka huu yanaweza kulinganishwa na ya mwaka jana. Maswali yaliyoulizwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha yao, lakini yanayobaki yananitosha.

Yalinifundisha jambo ambalo kamusi isingenifundisha. Nilikuwa nimeandika makala ndefu kuhusu ugonjwa wa mdondo, kwa jina nililozoea kulikuta katika vipeperushi vya mifugo, nikaeleza kirusi chake, dalili zake na namna unavyoenea. Haikusomwa. Nilipoifungua orodha ya maneno nikakuta watu wameandika «dawa ya kideri», «kuku wanaharisha kijani», «kuku kupinda shingo». Ugonjwa ulikuwa uleule, ila neno nililoliweka kwenye kichwa cha habari hawakuwa nalo midomoni, na baadhi yao hawakuwa na jina lolote la ugonjwa. Walieleza tu walichokiona bandani asubuhi ile.

Palikuwa na ugumu mwingine. Wengi walitafuta dawa, na kideri hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, kama ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wapo ambao wangeandika kichwa kinachoahidi tiba ya uhakika, wakapata mibofyo yao na kumwacha mfugaji akichemsha majani huku kuku wakiendelea kufa. Nilichagua kichwa hiki: «Kideri hakina dawa: namna ya kuwakinga kuku kwa chanjo». Maneno ya muulizaji yamo, na ukweli umo. Dalili niliziandika kama zilivyoulizwa, kila moja na kichwa chake kidogo, nalo jina la mdondo nikaliacha ndani ya makala kwa wanaolitumia. Makala hiyo ndiyo inayoniletea wasomaji wengi zaidi hadi leo.

Google Trends, zana inayoonyesha jinsi utafutaji wa neno unavyopanda na kushuka, iliyoanza mwaka 2006, naitumia kwa tahadhari. Namba zake za 0 hadi 100 hazihesabu watu; 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua, na mengine hupimwa kwa kilele hicho. Kwa neno pana kama «vifaranga» huweza kuonyesha msimu, ila kwa swali finyu mara nyingi hukaa kimya. Hapo hurudi kwenye kisanduku cha Google chenyewe, nikaandika «kuku wangu» na kusubiri kuona kinapendekeza nini, katika dirisha la faragha ili historia yangu isichanganye mambo.

Kuhusu ufundi sina mengi, isipokuwa aibu moja. Miezi miwili ya mwanzo tovuti yangu haikuonekana popote, nikadhani Google haipendi Kiswahili, kumbe fundi aliyenijengea alikuwa ameacha tiki kwenye mpangilio wa WordPress, programu inayoendesha tovuti yangu, unaoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Ningeandika tu «site:» na kufuatisha anwani yangu kwenye Google, bila hata kufungua akaunti, ningeligundua siku ya kwanza. Baada ya hapo PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya kurasa, ilinionyesha kwamba picha za banda nilizozipakia moja kwa moja kutoka kwenye simu zilikuwa nzito kupita kiasi. Google hupendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na msomaji wangu yuko kijijini na bando la kuhesabu, kwa hiyo picha zote sasa hupita kwanza Squoosh, zana ya kupunguza uzito wa picha, ambayo nayo ni ya bure. Wanaouza viungo (linki) vya kuelekeza kwenye tovuti yako sitawazungumzia, zaidi ya kusema kwamba kununua viungo ili kupandisha nafasi ni kinyume cha kanuni za Google.

Kila mwisho wa mwezi napitia kurasa zilizo kati ya nafasi ya 8 na ya 20, ambazo Google imeshazitambua lakini msomaji hazifikii kwa urahisi, nikaangalia ni swali gani sikulijibu vizuri. Mwezi huu limo moja: «kuku anazubaa baada ya chanjo». Sijaliandikia bado, nasubiri bwana mifugo wa kata yetu arudi safarini nimuulize.