Kesi ya moshi ikiisha kwa suluhu, nani ameuza nini?

Jumamosi asubuhi, tukitoka kwenye kikao cha mtaa, mama mmoja anayeuza dagaa alinishika mkono nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. "Mwanangu," akasema, "kwa hiyo mmeuza kesi yetu?"

Alikuwa anaulizia hati ya makubaliano iliyosomwa ndani muda mfupi kabla: kurasa 6, sahihi za wawakilishi wetu, sahihi za kiwanda kilicho nyuma ya nyumba zetu hapa Mwanza, upande wa Nyakato, na maneno kwamba shauri la moshi limemalizwa kwa suluhu. Aliyekutwa na hatia hayupo. Aliyelipwa donge nono hayupo. Watu walitoka wamenuna. "Hapana mama, hatujauza," nilimjibu, na nikaona jibu hilo halikumtosha. Hata mimi halikunitosha. Naandika kwa sababu naamini suluhu katika kesi za namna hii inaeleweka vibaya, na wanaoielewa vibaya ni watu wenye sababu nzuri kabisa za kutoiamini.

Nianze na sababu zao. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1988, kabla sheria hii haijafikiriwa, wakazi wa Tabata walichoshwa na moshi na harufu ya taka zilizokuwa zikimwagwa na kuungua karibu na nyumba zao, wakalishitaki Jiji la Dar es Salaam. Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, ikaliamuru Jiji liache. Wangekubali kupozwa na kunyamaza, wanasheria wa leo wasingekuwa na shauri la kulinukuu. Suluhu haiachi alama ya aina hiyo. Hati inatiwa sahihi, inawekwa kabatini, na mtaa wa pili wenye moshi uleule unaanza moja.

Kuna pia jambo la kufifilisha kosa. Sheria inaruhusu mkosaji akiri, alipe, na jalada lifungwe bila kesi. Kwa serikali ni njia ya haraka. Kwa jirani, ambaye hakuwemo chumbani wakati malipo yanapangwa, ni kitu kingine: anaona kiwanda kimelipa na bomba linaendelea kufuka. Akisema kimenunua ruhusa ya kuchafua, sina ujasiri wa kumwambia amekosea. Na tajiri akikaa meza moja na maskini, anayeweza kusubiri mwaka mzima ndiye anayepanga bei. Haya yote nayakubali.

Lakini turudi Tabata. Baada ya kushindwa, Jiji lilirudi mahakamani kuomba muda zaidi. Hatimaye taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi nao wakafungua shauri lao, nao wakashinda. Walioshinda ni watu wa mitaa miwili, na moshi ukahama mara mbili. Hukumu ilijibu vizuri swali lililoulizwa, yaani kama Jiji lilikuwa na haki ya kufanya lilichokifanya pale. Swali la taka hizo zichomwe wapi na namna gani halikuwa mbele ya jaji.

Au tazama jirani zetu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza madini ya risasi katikati ya makazi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Wakazi walifungua shauri mwaka 2016. Julai 2020 wakapewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni ushindi mkubwa na ninawapongeza kwa moyo wote. Ila hesabu: mtoto aliyeanza darasa la kwanza kesi inafunguliwa alikuwa amemaliza la nane.

Kwa kiwanda kilichokwishafungwa, kama kile, mahakama ndiyo mahali pake. Kinachodaiwa ni fidia ya madhara yaliyokwishatokea, na risasi haina kiwango cha kujadiliana. Kesi yetu ni ya aina nyingine. Kiwanda chetu kipo, kinafanya kazi, vijana wa mtaa huu wanakula kwa hicho, na ugomvi wote ni juu ya ukomo: moshi kiasi gani, saa ngapi, na nani anapima. Hapo ndipo ninapoona wengi hawajapatazama.

Boila ya kiwanda, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, inawashwa saa 11 alfajiri. Inatumia pumba za mpunga, na pumba zikinyeshewa, dakika za mwanzo bomba linatoa moshi mzito unaoshuka badala ya kupanda. Saa hiyo upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda ziwani umelegea, na hewa ya baridi imelala chini katikati ya vilima vyetu vya mawe kama maji kwenye bakuli. Moshi unakaa humo humo. Yule mama hutandika turubai lake la bluu mapema ili dagaa waliopata unyevu wapate jua la kwanza. Nimeinama naye juu ya turubai lile. Masizi ya pumba hayafanani na vumbi la barabarani. Ni vijiti vyeusi, vyepesi, vyenye umbo la ganda la mpunga bado, na ukikigusa kimoja kinasagika na kuacha mstari mweusi juu ya samaki mweupe. Sokoni wateja wanamuuliza kama amewaanika jikoni. Ikifika saa 4 au 5, upepo wa ziwa umeanza, anga imesafishika, na mkaguzi akija saa hiyo anakuta bomba linatoa mvuke tu.

Sasa fanya hesabu, kwa namba zangu za mfano. Tuseme kwa dakika 40 za alfajiri hewa ya mtaa ina mikrogramu 600 za vumbi la PM10, yaani chembe zisizozidi sehemu moja ya mia ya milimita, katika kila mita ya ujazo. Saa 23 na dakika 20 zinazobaki ina 25. Wastani wa saa 24 ni 41. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, ambao ni mkali kuliko wa nchi nyingi, unaweka 45 kwa saa 24 kwa vumbi la ukubwa huo. Kiwanda kimefaulu! Kimefaulu kwa kipimo kikali, siku ambayo mtoto mwenye pumu ameamkia ndani ya wingu. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi usiku nikitumaini nimekosea kujumlisha. Sijakosea. Wastani hausemi uongo. Unajibu tu swali la siku nzima, na sisi tunaumia kwa dakika 40.

Mpeleke jaji hesabu hiyo. Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na wakili wa kiwanda atauliza swali moja tu: ukomo wa kisheria umevukwa au haujavukwa? Kisha atauliza la pili: una hakika vumbi hilo ni la boila, si la barabara ya vumbi, wala la majiko ya mkaa ya majirani? Jaji mwema kuliko wote atabaki amefungwa na maswali hayo. Tungeweza kushindwa kihalali kabisa, na masizi yakaendelea kihalali kabisa.

Mezani hatukufungwa hivyo. Hati yetu haibishani juu ya wastani. Inasema pumba zihifadhiwe chini ya paa. Inasema boila isiwashwe kwa pumba mbichi, na bomba lisisafishwe masizi kabla ya saa 4 asubuhi. Inasema mtambo wa kunasa vumbi ufungwe ndani ya miezi 9, na kipimo kisimame upande wetu wa ukuta, kikisoma kila dakika 15 na si mara moja kwa siku. Hakuna kanuni iliyowahi kuandikwa kwa ajili ya dakika 40 za alfajiri za mtaa huu. Hati hii imeandikwa kwa ajili hiyo.

Wala si jambo geni. Shauri la moshi linalosomwa zaidi katika sheria ya kimataifa, lile la kiwanda cha kuyeyusha madini cha Trail huko Kanada, lilikwenda kwenye usuluhishi kwa makubaliano ya nchi mbili ya mwaka 1935, kwa sababu moshi wake ulikuwa unavuka mpaka na kuunguza mazao ya wakulima wa Marekani. Fidia zilikuwa dola 350,000, kisha mwaka 1938 zikaongezwa 78,000. Ila kilichonivutia ni uamuzi wa 1941. Baada ya kipindi cha majaribio ya kupima, wasuluhishi waliweka utaratibu wa uendeshaji: vipimo vya gesi ya salfa na vya hali ya hewa, na ruhusa ya kutoa moshi inayopanda na kushuka kufuatana na upepo na majira, pamoja na saa za siku. Waliuona upepo. Mtu wa Mwanza anayejua upepo wa ziwa unavyogeuka mchana na usiku anaelewa mara moja kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Na Marekani, mwaka 1999, serikali na majimbo kadhaa walianza kuishitaki kampuni ya umeme ya American Electric Power kwa uchafuzi wa mitambo yake ya makaa ya mawe. Ilimalizika kwa makubaliano ya mahakama mwaka 2007. Faini ilikuwa dola milioni 15. Mitambo ya kusafisha moshi ambayo kampuni ilikubali kufunga: dola bilioni 4.6. Anayetazama faini peke yake atasema kesi iliuzwa. Nilimsomea mama namba hizo mbili, akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo kubwa ndiyo ya bomba?" Ndiyo, mama.

Miaka 8 ya kesi ndiyo iliyowafikisha pale, na hili wapinzani wa suluhu wanalisema kwa haki. Kiwanda chetu nacho kilipuuza barua zetu 4. Kilikuja mezani wiki mbili baada ya hati ya madai kupokelewa Mahakamani. Kwa hiyo sisemi watu waache kwenda mahakamani. Nasema wanaokwenda wajue nini cha kuomba wakifika.

Jambo la mwisho la kisheria, ambalo kwangu ndilo linalotenganisha suluhu na kuuzwa. Makubaliano yakisajiliwa mahakamani yanakuwa hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inasema hukumu iliyotokana na ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa. Fikiria maana yake kwa watu waliosikia habari za Owino Uhuru: hakuna kupanda ngazi moja, kutenguliwa, kupanda nyingine. Kiwanda kikikiuka, hatuanzi kesi mpya ya kuthibitisha madhara. Tunarudi kukazia hukumu, na swali ni jepesi: mliahidi kufunga mtambo, mmefunga au hamjafunga? Makubaliano yasiyosajiliwa, yaliyobaki kwenye faili la meneja, hayo siyatetei. Wala siyatetei yenye kipengele cha siri. Yetu yalikuwa nacho kwenye rasimu ya kwanza, na tuligoma kusaini mpaka kikatolewa.

Kuna kasoro moja tumeiacha na inanikera. Namba za kipimo zinaletwa na kiwanda chenyewe kila Jumatatu, halafu zinabandikwa ofisi ya mtaa. Ofisi ya NEMC (baraza linalosimamia mazingira nchini) ya Kanda ya Ziwa inapelekewa nakala, lakini hati haikumtaja mtu wa tatu wa kuja kukihakiki kipimo. Tulichoka, tukaliachia. Hatukupaswa kuliachia.

Jumatatu iliyopita yule mama alinivuta tena mkono, safari hii mpaka kwenye ubao wa matangazo. Haoni vizuri maandishi madogo, akaniomba nimsomee safu ya alfajiri. Nikamsomea siku 5. Mbili zilikuwa tupu, saa 11 hadi saa 12, bila namba yoyote.

"Hizo mbili," akasema, "ndizo nilizoanua dagaa na masizi."

Barua ya kukitaka kiwanda kieleze nafasi hizo mbili imeandikwa kwa kutumia aya ya 11 ya hati, na mwenyekiti wa mtaa ameigonga muhuri. Wana siku 7 za kujibu. Mama ameweka dagaa wa siku zile mbili kwenye mfuko wa nailoni, ameufunga, ameandika tarehe.